Watu wa Aubremelle Walipokuja Doha

Aubremelle, 14 Machi 2010

Mwanangu Haji,

Assalamu alaikum. Barua yako ya Januari nimeipata, nami naomba Mungu hii ikukute na afya. Sisi hapa wazima, isipokuwa mama yako mdogo Hidaya, goti humsumbua kila theluji inapoanguka, na mwaka huu imeanguka mpaka tumechoka kuiondoa mlangoni. Wasichana wetu wako Paris. Huja sikukuu, wakikumbuka.

Unisamehe kwa kupenda kuandika. Binti zangu hunicheka kwamba kwenye simu nauliza "hamjambo?" mara nne kisha nakata. Kalamu hunipa nafasi ya kufikiri.

Mama yako Rukia ametuletea picha yako. Umevaa suti nyeusi, umesimama kwenye ukumbi wa marumaru, nyuma yako maua marefu kuliko mtu. Anasema sasa wewe ni msaidizi wa meneja wa hoteli. Nimeitia fremu na kuitundika sebuleni. Kila anayeingia namwambia: huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na mimi ndiye niliyebaki kuwa baba yake.

Umeniuliza mji wangu ukoje, kwa kuwa kwenye ramani hukuuona. Si wewe peke yako. Treni ya Paris haisimami kwetu. Unashukia mji wa mbele, kisha unarudi kwa basi. Aubremelle umelala bondeni. Mto Melle unapita katikati, mwembamba, mtoto anaweza kurusha jiwe likafika ng'ambo. Juu, pande zote mbili, ni msitu, na msitu ndio uliouzaa mji. Zamani za wafalme wao, watu walikata kuni wakawasha matanuri, wakaleta mchanga kutoka pwani na majivu ya magugu, wakayeyusha kioo. Wapuliza kioo wa siku hizo walikuwa mabwana, wakitembea na panga kiunoni. Baadaye ikaja reli na makaa ya mawe. Tajiri mmoja akajenga kiwanda kikubwa, akajenga na nyumba za matofali mekundu mstari kwa mstari, na kanisa, na skuli, na duka lake mwenyewe, ili mshahara uliotoka mlangoni umrudie dirishani. Wenyeji hawakutosha. Wakaja Wapolandi, wakaja Waaljeria, kisha tukaja sisi tulioteremka melini. Mimi niliingia mwaka 1981.

Leo tunatengeneza chupa za manukato. Chupa tu, manukato yenyewe hutiwa kwingine. Tanuri letu halizimwi, Krismasi wala Idi, kwa sababu likipoa kioo huganda ndani na tanuri limekufa. Kazi yangu ni kusafisha kalibu, vile vyuma vinavyokipa kioo umbo la chupa, na kuzipaka mafuta, pale penye joto. Watu wa hapa hawasemi fulani yuko kiwandani, husema yuko motoni. Nilipomwandikia baba yako zamani kwamba mimi niko motoni, alinijibu kuwa ananisomea dua.

Ukiona huko chupa ya manukato, igeuze. Ikiwa chini ina herufi A ndani ya duara, imepita mikononi mwangu.

Ami yako,
Faraji


Doha, 2 Mei 2010

Ami yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kuwa mko wazima, na goti la mama mdogo naliombea lipone. Mama yuko salama huko Zanzibar, Kikwajuni, nimempigia juzi; paa limerekebishwa na amepata mpangaji mtulivu.

Juzi nilikuwa mtaa wa Al Sadd, nikaingia duka la manukato. Nikageuza chupa moja ya mafuta ya udi na nikaiona A ndani ya duara. Muuzaji alidhani nanunua, akaanza kunipaka mkononi. Nikamwambia ami yangu ndiye aliyeifanya chupa hii. Hakuamini.

Kazi haina la kulalamikia. Kila siku nakutana na wakubwa, mawaziri, wachezaji mpira, na wengi wao hunisalimia. Baridi ya mashine ndani ya hoteli ni kama ya kwenu.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Haji


Aubremelle, 20 Novemba 2011

Mwanangu Haji,

Ni matumaini yangu kuwa u mzima na sikukuu ya kuchinja ilikuwa njema. Sisi tulichinja shambani kwa jirani Mualjeria, maana hapa kuchinja uani ni kesi. Hidaya amepata daktari mpya wa goti, lakini yuko mji mwingine. Wa kwetu amestaafu na hakuna aliyetaka kuja mahali pake.

Nina habari kubwa. Kiwanda kimeuzwa, na aliyekinunua anatoka hapo ulipo. Ni kampuni ya manukato ya Doha, yenye pesa, na mwanzoni tulishangilia. Meya alitundika bendera ya Qatar pembeni ya ile ya Ufaransa. Watu ambao kwa miaka thelathini hawajaniuliza lolote kuhusu dini yangu wakanisimamisha dukani kuniuliza Waarabu hupenda zawadi gani.

Lakini tangu Septemba malori yanakuja kuchukua kalibu. Tunaambiwa zinapelekwa kusafishwa. Kalibu husafishwa hapa, na mimi ndiye nizisafishaye. Kiwanda cha chupa kisicho na kalibu ni sawa na jiko lisilo na vyungu. Hapa kuna watu elfu nane, na sijui nyumba isiyokula kutoka kwenye tanuri lile, kwa mkono wa baba au wa shangazi.

Juzi tulikuwa na mkutano. Kiongozi wetu ni Odile, mwanamke wa makamo wa chumba cha kuchagulia chupa. Macho yake huona ufa ambao mimi siuoni hata kwa miwani. Alisema mwenye kampuni hafiki huku wala hajibu barua, lakini ofisi zake ziko juu ya hoteli moja ya Doha. Alipoitaja hoteli, nikasimama. Haji, sijawahi kusimama mkutanoni tangu niingie nchi hii. Nikasema: msaidizi wa meneja wa hoteli hiyo ni mtoto wa kaka yangu. Wakanipigia makofi.

Ninaloomba ni dogo. Tukikuletea barua yetu, umpe mwenye kampuni mkononi.

Ami yako,
Faraji


Doha, 19 Februari 2012

Ami yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia kwa kuchelewa, kwa kuwa zetu zote huingia sanduku moja la kampuni, na anayezigawa ana shughuli nyingine. Mama hajambo. Alikuwa na homa, sasa amepona.

Nasikitika kwa hayo ya kiwandani. Yule bwana namwona, ni kweli, hupita karibu kila siku. Ila mambo ya watu wakubwa yana ngazi, na mimi siko kitengo cha ofisi za juu. Nitaangalia la kufanya.

Hapa baridi inaisha. Wasalimie mama mdogo na wasichana.

Mwanao,
Haji


Aubremelle, 8 Aprili 2012

Mwanangu Haji,

Pole kwa homa ya mama yako, na ashukuriwe Mungu. Wetu wote hawajambo.

"Nitaangalia la kufanya." Neno hilo nimelisoma mkutanoni, na nililitafsiri vizuri kuliko ulivyoliandika. Wamelipokea kwa furaha. Sasa tumetangaziwa kuwa tanuri litazimwa kabla ya majira ya baridi. Tumeamua kuja wenyewe, watu wanne: Odile, mafundi wawili, na mimi kwa sababu yako. Nauli zimetoka kwenye mfuko wa mgomo, ambao ni akiba ya wote. Tutafika hotelini tarehe tano Juni, asubuhi.

Hatuhitaji chumba wala chakula. Tuingize tu aliko, tuseme naye kwa adabu. Odile ameazima koti.

Ami yako,
Faraji


Doha, 27 Mei 2012

Ami yangu,

Shikamoo. Natumai hamjambo. Nasikitika kukwambia kuwa Juni yote nitakuwa likizo Zanzibar, imetokea ghafla. Ingekuwa vizuri msije kwa sasa. Joto la hapa wakati huu ni baya hata kwa vijana.

Mwanao,
Haji


Doha, 3 Julai 2012

Ami yangu,

Shikamoo. Sijui kama bado unapokea barua zangu. Mama mzima, na hajui kitu.

Barua yangu ya Mei bila shaka uliikuta sandukuni uliporudi. Nilikaa nayo mfukoni siku nyingi kabla ya kuiposti. Sikuwa na likizo.

Sijawahi kuwa msaidizi wa meneja. Mimi ni mlinzi. Suti ile ni sare yetu. Wageni hawapendi kuona walinzi, basi tunavalishwa kama wageni. Siku ya kupiga picha nilitoa tu waya wa sikioni. Mama alipoiona alisema, "Umekuwa meneja?" Nikajibu, "Msaidizi." Neno lilinitoka hivyo, na lilipokwisha kukufikia wewe nikaona haya kulirudisha.

Siku ile nilikuwa zamu ya ukumbini. Niliwaona mkiingia, umevaa koti zito na tai, na yule mama mwenye nywele nyeupe kando yako. Mlikwenda mapokezi kwa Scovia, Mganda, rafiki yangu. Ulimwonyesha karatasi yenye jina langu. Scovia akatazama upande wangu, nami nikatikisa kichwa. Ndipo akakwambia hakuna meneja wa jina hilo. Mimi nikasogea nyuma ya nguzo.

Mlikaa kwenye viti vya ukumbini, mikono magotini, kama watu waliokuja kutoa rambirambi. Nilikuwa nikikuona kisogo. Una kisogo cha baba.

Kisha yule bwana akashuka na wageni wake, na Odile akasimama mbele yake na bahasha. Sikuelewa Kifaransa chake, lakini hakupaza sauti. Bwana hakuipokea bahasha. Alimtazama msimamizi wetu, Laban, basi. Laban akanigeukia.

"Haji, toa hawa watu nje. Sai."

Nikaja nikakushika juu ya kiwiko. Ukageuka.

"Haji?"

Laban akasikia. Yeye ni Mkenya, hapitwi na neno. "Huyu mzee anakujua?"

"Hapana, bosi," nikasema.

Akakuuliza wewe kwa Kiswahili. Ukatazama kibati cha jina kifuani pangu, ukamjibu: "Nimesoma hapo. Simjui."

Najua uliniokoa, ami. Ungesema kweli, ningefukuzwa siku ileile. Niliwapeleka mpaka ukingo wa barabara, pasipo kivuli, nikarudi ndani kwenye baridi. Sikugeuka kutazama.

Kila nikisali naona mkono wangu.

Haji


Doha, 29 Oktoba 2012

Ami,

Ramadhani imepita, Idi zote mbili zimepita. Nilipiga simu, mama mdogo Hidaya alipokea akasema umelala. Huko kwenu ilikuwa saa nne asubuhi.

Sikuulizi lolote. Nataka tu kujua kama uko hai.

Haji


Aubremelle, 25 Novemba 2012

Haji,

Niko hai. Hidaya amefanyiwa upasuaji wa goti na anatembea kwa fimbo. Nashukuru.

Tanuri lilizimwa Ijumaa moja ya Oktoba. Tulisimama uani, waliostaafu pia, na wajane wa waliofanya kazi humo. Fundi wa zamu alifunga gesi, akavua glavu, akawa hajui aziweke wapi. Kisha mji ukanyamaza. Kumbe miaka yote hiyo kulikuwa na mvumo, mchana na usiku, mpaka majumbani, na hakuna aliyekuwa akiusikia. Ulipokatika, wanawake wakaanza kulia. Mbwa nao wakabweka.

Tangu hapo mambo yanakwenda haraka. Muoka mikate aliyekuwa akifungua alfajiri kwa ajili ya zamu, sasa hufungua saa mbili. Skuli imefunga darasa moja. Kwenye zile nyumba za matofali mekundu kuna vibao vya kuuza, kimoja baada ya kingine, na hakuna anayekuja kutazama.

Sikukujibu kwa sababu ya sentensi moja uliyoandika. Unasema nilikuokoa. Sitaki ukae na uongo huo, utakuponya bure.

Nilipokuona nyuma ya nguzo, na nilikuona, Haji, kabla hujanishika, sikufikiri juu ya kazi yako hata kidogo. Nilifikiri juu ya Odile. Alikuwa amekula nyumbani kwangu, chini ya picha yako. Wote wanne tulipanda ndege kwa neno langu. Nilisema simjui ili nisiwe mimi ndiye niliyewadanganya. Nje, kwenye lile jua, Odile aliniuliza, "Faraji, yule si kijana wa kwenye picha?" Nikamwambia hapana, amefanana naye. Nikamwambia kwetu watu hufanana. Miaka yote nimewakasirikia Wafaransa wanaosema sisi sote tunafanana, na siku niliyohitaji pa kujificha, nikajificha humo.

Sikuona haya kwa kuwa wewe ni mlinzi. Mimi nimepaka mafuta kalibu maisha yangu yote. Niliona haya kwa kuwa nilisimama mkutanoni nikapigiwa makofi. Ungekuwa meneja ningekukumbatia mbele ya watu wote. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwamba nilijua hivyo palepale.

Picha nimeishusha. Hidaya aliuliza, nikasema ukuta una unyevu. 

Faraji


Doha, 16 Desemba 2012

Ami yangu,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa goti la mama mdogo. Hapa hali ni ileile.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.  Chini nimewaandikia wenzako maneno machache. Ukiona yanafaa, wasomee. Ukiona hayafai, yachane.

"Mimi ni Haji, niliyewatoa nje ya hoteli. Faraji ni ami yangu na hakuwadanganya. Mimi ndiye niliyemdanganya yeye. Nilimwandikia kuwa mimi ni msaidizi wa meneja, na nilijua mnakuja, na sikusema kweli mpaka mlipokwisha kuondoka. Nilimshika mama Odile mkono pia nilipokuwa nikiwatoa, na nilimshika vibaya. Naomba mnisamehe mkiweza."

Haji


Aubremelle, 10 Februari 2013

Mwanangu,

Wote wazima. Baridi kali, mto umeganda kingo.

Ilinichukua mwezi mzima kupata ujasiri. Niliwasomea Jumapili iliyopita katika ukumbi wa Wapolandi, ambako tunakutana siku hizi kwa kuwa ule wa kiwandani umefungwa. Nilianza na yangu: kwamba nilikujua, na kwamba nilipoulizwa nilikukana. Kisha nikasoma yako. Mmoja wa wale mafundi wawili tuliosafiri nao, René, alichukua kofia yake akatoka. Hajasema nami mpaka leo, na tunaishi mlango kwa mlango. Wengine walitazama meza. Nilitamani wanitukane.

Odile aliuliza jambo moja. "Kwa nini hakutuambia tusije?" Nikamwambia uliandika barua ya likizo ikachelewa. "Si hilo ninalouliza," akasema.  Nakuletea swali kama lilivyo.

Kuna la pili. Tumeishitaki kampuni katika mahakama ya kazi. Sheria ya hapa inamtaka mwajiri aseme na wafanyakazi kabla ya kufunga. Kampuni inadai ilikuwa tayari kusema nasi wakati wowote na kwamba hakuna ujumbe wowote uliowahi kufika Doha. Sisi wanne tunasema tulifika, lakini sisi ndio washitaki. Tulipotoka ukumbini, Odile alikwenda kwa wakili, na wakili akasema: yule mlinzi angeandika alichokiona, akataja na kazi yake na udugu wake kwetu, kingekuwa na uzito.

Nimetumwa nikuulize. Mimi mwenyewe sikuombi. Najua mkataba wako uko mikononi mwa nani, na kwamba hata kutoka nchi hiyo unahitaji ruhusa yao. Ukikataa, nitawaambia barua ilipotea, na safari hii uongo utakuwa wangu peke yangu.

Ami yako,
Faraji


Doha, 21 Aprili 2013

Ami yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, nitakueleza.

Mjibu mama Odile hivi. Sikuwaambia msije kwa sababu nilitaka mje. Nilipokuwa naandika "nitaangalia", nilikuwa naona namna utakavyoingia ukumbini, wewe uliyekaa Ulaya, na kunikuta katika suti. Nilidhani litatokea jambo, mwenye kampuni atasafiri, mtashindwa kupata viza, lakini wewe utakuwa umenipita ukaniona nimesimama vizuri. Sikuwafikiria wao hata kidogo. Hakuna jibu zuri zaidi ya hilo, na mimi nimelitafuta.

Ushahidi umo ndani ya bahasha hii. Nimeandika kwa Kiswahili, na Scovia amenisaidia kuutia Kiingereza. Nimeeleza mlivyoingia, mlivyokaa, bahasha ilivyokataliwa, amri niliyopewa. Wakili alitaka nitaje kazi yangu, na pia kama nina udugu na yeyote kati ya washitaki. Kazi niliandika upesi: mlinzi. Kwenye udugu kalamu ilikwama, kwa kuwa mara ya mwisho nilipoulizwa swali hilo nilijibu hapana. Nimeandika kwamba Faraji ni mdogo wa baba yangu, na ndiye baba niliyebaki naye.

Sikutaka Laban asikie kwa wengine. Nilimfuata baada ya zamu, tulipokuwa tunangoja basi la kambi tunakolala wafanyakazi.

"Yule mzee wa Juni," nikamwambia. "Ni ami yangu. Baba mdogo."

Akanigeukia. "Ungeniambia siku ile."

"Ungefanya nini?"

Akafikiri kweli, si kwa kunipoza. "Ningewatoa nyote wawili," akasema.

Alinishauri ningoje mpaka mkataba uishe kabla ya kuposti. Sikungoja. Nimekwenda kwa meneja nikamwambia mwenyewe. Hakupiga kelele. Amesema mkataba hautarudiwa, na ruhusa ya kutoka itasainiwa wakati wake. Wakati huo huenda ukawa mwezi ujao au mwakani. Kwa sasa wamenihamisha; nalinda lango la ghala huko Al Rayyan, na sare yake si suti.

Mama nilimpigia, nikamwambia yote, kazi na siku ile. Nilidhani atalia kwa ajili ya kazi. Aliuliza neno moja: "Ulimshika kwa nguvu?"

Nikamwambia ndiyo.

Akakata simu. Keshoye akanipigia kuniuliza kama nimekula.

Mwanao,
Haji


Aubremelle, 17 Novemba 2013

Kwa Haji, nyumbani Kikwajuni, Zanzibar

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Mama yako ametupigia kusema umefika, umekonda, na unalala sana. Lala. Hidaya anakusalimu, fimbo ameiacha. Binti zetu wametaka tuhamie kwao Paris, nami nimekataa. Nyumba haiuziki, na nimezoea mto.

Hukumu imetoka. Mahakama imesema kampuni ilifunga kiwanda kinyume cha sheria na imeamuru tulipwe fidia. Tanuri halirudi. Limekwisha kuvunjwa, na kalibu zinafanya kazi kwingine. Vijana wanaondoka kwa basi la asubuhi, na meya anazungumzia kufanya makumbusho. Basi tumeshinda, na siku ya ushindi hakuna aliyekunywa hata kahawa ya pamoja. Kila mtu alirudi kwake.

Nataka ujue kilichotokea siku ya kusikilizwa, kwa kuwa hutakisikia kwa mwingine. Ushahidi wako ulisomwa wote. Wakili wa kampuni akasimama akasema usihesabiwe, kwa sababu aliyeuandika ni ndugu wa mshitaki mmoja na ametunga kwa ajili ya ndugu yake. Jaji akauliza kama mshitaki huyo yumo ukumbini. Odile alikuwa nyuma yangu, na René alikuwepo, na nusu ya mji, waliokuja kwa mabasi mawili. Nikasimama.

"Shahidi ni nani kwako?" jaji akauliza. "Ni mpwa wako?"

 Wote walikuwa wanajua ulinifanyia nini, na mimi nilikufanyia nini. Hapakuwa na pa kujificha, na bado nilitafuta.

"Kwa Kifaransa ni mpwa," nikamwambia. "Kwetu mtoto wa kaka ni mwanao."

"Na ndiye aliyekutoa nje?"

"Ndiye. Alinishika hapa." Nikamwonyesha, juu ya kiwiko.

Jaji akaandika. Wakili wa kampuni hakuuliza tena. Nilipokaa sikugeuka kuwatazama watu wa mji, niliona haya. Lakini nilikuwa nimesema kwa sauti, na ukumbi ule una mwangwi.

Baba yako,
Faraji